Hitilafu za Mitambo

Mama alikuwa na mazoea ya kuanika mawe ya redio juani. Yakiisha nguvu aliyatoa, akayapanga juu ya bati la banda la kuku, na jioni yalipata uhai wa taarifa moja ya habari, pengine na salamu kidogo. Siku moja redio iligoma kabisa, nikatumwa nayo kwa Mwalimu, jirani yetu hapo Kawangware. Ilikuwa katikati ya miaka ya 70, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Nilidhani ataifungua papo hapo. Badala yake aliiweka sikioni, akazungusha kitufe cha sauti taratibu, kisha akaniwekea na mimi.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Sikia tena."

Kweli, mle ndani kulikuwa na kakwaruzo, kama kuku anayeparura mchanga nyumba ya pili. Ndipo akafungua. Jiwe moja lilikuwa limevuja na majimaji yake yameila springi hadi ikawa kijani. Akaisugua kwa kipande cha msasa, akafuta, akatia mawe yake mwenyewe. "Mwambie mama asiyaanike tena. Joto linayaamsha kidogo, linayavujisha sana." Mama aliambiwa, akashukuru, na wiki iliyofuata mawe yalikuwa juu ya bati.

Majirani wengi walimdhani mlinzi wa benki, kwa kuwa alipanda basi la 46 kwenda mjini saa ambazo wengine walikuwa wanashuka. Kumbe alikuwa fundi mitambo wa Sauti ya Kenya, na siku nyingine alifundisha vijana katika chuo kile kilichoanzishwa 1961 kuwaandaa mafundi wa utangazaji, ambacho leo tunakiita KIMC. Jumamosi alitufundisha sisi watoto wa mtaa, barazani kwake, bila ada. Chombo cha kulehemu alikipasha moto kwenye jiko la makaa, mpaka tulipoletewa umeme.

Alinipeleka Broadcasting House, barabara ya Harry Thuku, mara moja tu. Mimi nilikwenda kumtafuta Leonard Mambo Mbotela, maana kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza 1966, kwetu kilisikilizwa kama mahubiri. Sikumwona. Niliona nyaya, na nikamwona Mwalimu akiwa na wembe. Mtu fulani alikuwa amekohoa katikati ya hotuba iliyorekodiwa. Mwalimu alivuta utepe kwa mikono miwili, mbele, nyuma, mbele, mashine ikiguna, mpaka akakifikia kikohozi. Akatia alama kwa penseli ya mafuta, akakata mshazari, akaunganisha kwa utepe wa gundi. Akaniuliza kwa nini mshazari. Sikujua. Ukikata wima, alisema, sauti inabadilika ghafla na msikilizaji anasikia kishindo. Ukikata mshazari, moja inaingia huku nyingine inatoka. Kile kipande chenye kikohozi, chenye urefu wa kidole, nilikitia mfukoni nikaenda nacho nyumbani. Sijui kilipotelea wapi.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini jina lake halitajwi redioni. Akacheka. "Tunatajwa. Hujasikia wakisema, tunaomba radhi kwa hitilafu za mitambo? Ndiyo sisi." Jambo hilo lilimkera kuliko alivyokubali kusema. Katika redio yoyote duniani, alidai, mtangazaji akichelewa kuamka, mitambo ndiyo inayobeba lawama.

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 tuliamka na sauti ya Mbotela ikitangaza kwamba jeshi limetwaa serikali. Tulijazana barazani kwa Mwalimu, watu wazima na watoto, kwa sababu redio yake ilikuwa kubwa na kwa sababu tuliogopa. Yeye alifumba macho. "Huyu anasomeshwa," akasema. Baadaye nchi nzima ilikuja kujua kwamba wanajeshi wa anga walimtoa nyumbani kwake na kumlazimisha. Mzee mmoja akauliza mbona basi sauti inatoka safi hivyo. "Mitambo haina kosa," Mwalimu akajibu. "Haiulizi nani anaongea." Siku hiyohiyo askari watiifu kwa Rais Moi waliitwaa tena studio. Mwalimu aliporudi kazini alikuta mengi, lakini hakutusimulia hata moja, na hatukumuuliza.

Sauti ya Kenya ikarudia jina la KBC mwaka 1989. Yeye akastaafu, akahamia Riruta, akafuga sungura. Nasi wanafunzi wake tukatawanyika. Capital FM ilipoanza 1996 na stesheni binafsi zikafuata, mafundi walitafutwa mijini kama maji. Februari 2015, matangazo ya zamani ya televisheni yalipozimwa Nairobi na kila mtu akawa anatafuta king'amuzi, nilimkuta ameketi mbele ya televisheni yake nzee, imejaa chenga, ameongeza sauti. Nikataka kumnunulia king'amuzi. Akasema ngoja kwanza, anaaga.

Kuna somo moja la barazani ambalo hakuchoka kulirudia. Mvumo mzito usiopanda wala kushuka, mmmm, ni umeme wa hertzi 50 umeingia mahali pa sauti. Usilaze waya wa kipaza sauti kando ya waya wa umeme, na kama lazima zikutane, zivukane kama msalaba.

Siku tuliyomzika, mchungaji alishika kipaza sauti na vipaza vikaanza: mmmm. Akaendelea kusoma. Nikatazama chini ya meza ya jenereta. Nilipoinua kichwa niliona wazee wenzangu wanne, wamevaa suti, kila mmoja kwenye safu yake, wanatazama palepale. Tukasimama kwa pamoja. Watu wakadhani tunatoka nje kwa hasira. Nyaya mbili zilikuwa zimelazwa sambamba kutoka jenereta hadi madhabahuni, zimefungwa pamoja kwa utepe ili zipendeze. Tukafungua utepe, tukatenganisha, tukavukanisha. Mvumo ukakata.

"Ndugu waombolezaji," mchungaji akasema, "tunaomba radhi kwa hitilafu za mitambo."

"Mitambo haina kosa," mtu akanong'ona nyuma yangu. "Ni waya."