Picha Nyingi za Ugonjwa Mmoja

Wengi katika watu wetu, mgonjwa wao akiagizwa picha ya pili baada ya ya kwanza, hudhani kuwa analiwa mali yake. Maneno haya tuliyasikia nyumbani kwetu, shemeji yetu alipoonekana ana saratani ya ulimi na uvimbe shingoni. Wazee walitaka ichaguliwe picha moja iliyo bora, nyingine ziachwe. Tukamwuliza daktari, na aliyotueleza twaona yafaa yajulikane.

Hapana picha iliyo bora kwa kila jambo. Kila moja yajibu swali lake. Altrasaundi huonyesha tezi za shingo bila ya mionzi, na huiongoza sindano ichote chembe za kupimwa. Lakini haioni nyuma ya mfupa. CT, ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971, ni eksirei izungukayo mwili. Ni ya upesi, nayo huonyesha vyema mfupa wa taya ulioliwa, na mapafu. MRI hutumia sumaku, nayo hupambanua nyama laini kama ulimi. Lakini humtaka mgonjwa atulie muda mrefu. Ama PET, mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi, nayo hukusanyika saratani ilipo, hata mbali na shingo. Walakini uvimbe usio saratani nao huweza kung'aa, na saratani iliyo ndogo mno huweza kufichika. Ndiyo maana tezi ikishukiwa, sindano hukata shauri.

Na faida si ndogo. Huko Uingereza, utafiti uliotangazwa mwaka 2016 uliwafuata wagonjwa 564 ambao saratani ilikuwa imeenea katika tezi za shingo. Nusu walipangiwa kupasuliwa shingo. Wote walitibiwa kwa dawa na mionzi, lakini nusu ya pili walipigwa kisha PET pamoja na CT baada ya majuma 12, wakapasuliwa wale tu waliohitaji. Wa kwanza walipasuliwa mara 221, wa pili mara 54; na uhai wa hawa haukupungua kuliko wa wale.

Basi, ndugu zetu, msiulize picha ipi ni bora. Mwulizeni daktari kwa adabu: "Picha hii yajibu swali gani, na jibu lake litageuza nini katika matibabu?" Shemeji yetu alipigwa MRI ya ulimi na CT ya kifua, na tezi ikachomwa sindano. Kila moja ilikuwa na jibu lake, na wazee wakaridhika. Kuponya ni kwa Mwenyezi Mungu. Kuuliza ni juu yetu.