Waya Unaobisha Hodi

Mwaka 2002, katika duka nililojifunzia ufundi wa kompyuta pale Ngamiani, Tanga, niliunguza mashine ya mteja. Kibodi ilikuwa imechomoka, kompyuta inawaka, nami nikairudishia palepale. Wakati huo kila kifaa kilikuwa na mlango wake: kibodi tundu la duara la zambarau, kipanya la kijani, printa plagi pana ya pini 25 yenye skrubu mbili ubavuni. Lile tundu la duara halikutengenezwa lichomekwe umeme ukiwemo. Mwalimu wangu aliifungua mashine, akanionyesha kwenye ubao wake fyuzi ndogo kama punje ya mchele.

"Mwanangu, hapa huingii mpaka nyumba imezimwa," akaniambia, kisha akakaa mpaka magharibi akilehemu fyuzi nyingine.

USB ilishatoka tangu 1996, ila mimi niliijua zilipoanza kuingia flashi. Nilishangaa mno kwamba unachomeka mashine ikiwa inawaka na hakiungui kitu. Mwalimu akachukua waya mbovu, akaupasua kwa wembe. Ndani nyaya nne: nyekundu inaleta volti 5, nyeusi inarudisha, nyeupe na kijani zimesokotana kama ukili. Hizo mbili ndizo za data. Moja ikipanda volti nyingine inashuka, na kifaa kinasoma tofauti iliyo kati yao. Muingiliano wa umeme kutoka nje ukizivamia, unazivamia zote sawasawa, kwa hiyo tofauti haibadiliki. Kisha akaniambia nichungulie mdomo wa plagi. Pini mbili za pembeni, za umeme, ni ndefu kuliko mbili za katikati. Umeme hutangulia kufika, data hufuata, na ukichomoa, data ndiyo hutangulia kukatika.

Kifaa nacho kilikuwa na adabu. Kikiingia kinaruhusiwa miliampia 100 tu. Kompyuta inakiuliza wewe nani, unahitaji kiasi gani, kikijibu ndipo kinapewa mpaka 500. Mimi naiita hodi, na sijapata neno zuri zaidi. Tulikuwa tukiletewa diski za nje zinazogonga tik, tik, zisizunguke, kwa sababu hizo 500 hazikuzitosha mota zake. Dawa ilikuwa waya wa midomo miwili unaochomekwa matundu mawili, mmoja ukisaidia umeme tu.

Mwaka 2014 ikatoka USB-C, pini 24, unachomeka upande wowote. Hapa hodi imezidi. Kwenye pini za umeme za tundu la chaja hakuna hata volti moja mpaka chaja ihisi rezista ya kifaa upande wa pili. Baadaye chaja na kifaa vinaweza kukubaliana volti 9, 15 au 20, na kanuni za 2021 zimefika wati 240, wakati zile volti 5 za kwanza zilitoa wati 2.5. Umeme ukizidi ampia 3, hata waya unaulizwa, kwa kuwa ndani ya plagi yake kuna chipu inayosema unastahimili kiasi gani.

Ndiyo maana nyaya za ulaghai zinaniuma. Mwaka jana dada mmoja aliniletea simu yenye picha za marehemu mama yake. Alikokwenda kwanza aliambiwa simu imekufa tundu, picha hazitoki. Simu ilikuwa inachaji vizuri. Nikaupasua waya wake kwa wembe, kama nilivyofundishwa: nyekundu na nyeusi, basi. Nyeupe na kijani hazikuwekwa kabisa, na juu ya pakiti yake, aliyokuwa bado nayo, pameandikwa kwamba unahamisha data.

Nikampa waya wangu. Kioo cha simu kikawaka, kikauliza kama kompyuta iruhusiwe kuona mafaili. Akanitazama.

"Bonyeza ruhusu, dada," nikamwambia.

Akabonyeza. Picha ya kwanza kufunguka ilikuwa ya mama amekaa barazani, anachambua mchele.