Twende Tukaangalie Kazi za Watu Tusiowajua

Mpenzi msomaji, hebu jiulize: Jumamosi ya mwisho wewe na mwenzi wako mlitoka kwenda wapi? Nahisi jibu ni lile lile. Nyama choma, mpira kwenye skrini kubwa, au mihogo ya Coco Beach. Si vibaya, mihogo hata mimi naipenda. Lakini mkishakaa mnaongea nini? Ada ya shule, kodi, gari linalovuja oili. Yakiisha hayo, kila mtu anatoa simu yake.

Mimi na mume wangu tumejiwekea utaratibu: mara moja kwa mwezi tunakwenda kwenye maonyesho ya msanii ambaye hatujawahi kumsikia. Hatusomi habari zake kwanza. Tunaingia tu.

Kwa hapa Dar es Salaam, mahali ninapopapenda zaidi ni Nafasi Art Space, Mikocheni. Ilianzishwa mwaka 2008, nayo iko eneo la maghala na viwanda vidogo vidogo, kiasi kwamba unaweza kupita getini ukidhani ni gereji. Ndani utakuta makontena ya mizigo yaliyogeuzwa kuwa vyumba vya kazi vya wasanii. Vaa viatu vya kutembelea, visigino viache nyumbani.

Mara ya kwanza unaona aibu kidogo. Umesimama mbele ya turubai kubwa lenye rangi, hujui useme nini. Kwa picha ya twiga tumeshazoea: "Nzuri, ingekaa vizuri sebuleni." Kwa mtu usiyemjua, hakuna aliyekwambia kama kazi yake ni bora au ya hovyo. Inabidi useme unachokiona wewe, na mwenzako aseme chake. Hapo ndipo utamu ulipo.

Nikupe mfano. Kuna mchoro tuliukuta, ni ukuta wa nyumba tu. Chokaa inabanduka, na katikati ipo X nyekundu, ile inayopakwa kwenye nyumba zinazotakiwa kubomolewa. Chini kuna ndala moja ya mtoto. Basi. Mimi niliuangalia nusu dakika nikasogea mbele. Mume wangu hakusogea.

Niliporudi alikuwa bado kasimama, mikono mfukoni. "Ya kwetu waliipaka karibu na mlango," akasema taratibu.

Alikuwa kidato cha pili, nyumba ya baba yake ikabomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Yeye na kaka yake walibeba mabati kichwani hadi kwa shangazi yao, safari nne kwa siku moja.

Msomaji wangu, tuna miaka sita ya ndoa. Nilijua kwao walihama, lakini mabati hayo sikuwahi kuyasikia. Na kwa miaka miwili, kila nikigusia kununua kiwanja, mwenzangu anabadilisha mada, na nyumba inapoa wiki nzima. Kumbe mtu anaogopa kumwaga jasho lake kwenye ukuta ambao siku moja atakuja mwingine na kopo la rangi.

Kijana aliyeuchora alikuwepo. "Karibu, kaka. Naona imekugusa," akasema. Wakaongea robo saa nzima kama watu waliosoma darasa moja, mimi nimenyamaza pembeni. Njiani kurudi tukazungumzia kiwanja bila kununiana: hati, ramani ya mipango miji, umbali kutoka hifadhi ya barabara. Bado hatujanunua. Lakini sasa mazungumzo yapo.

Sikudanganyi kwamba kila kazi itamgusa mtu hivyo. Mwezi uliofuata tulikaa mbele ya video ya dakika 20 ya mtu anakunja nguo, tukatazamana, tukaenda zetu kula chipsi. Tulicheka njia nzima, na hilo nalo lina faida yake kwenye ndoa.

Wala usiwadharau wasanii kwa kuwa majina yao ni mageni. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. George Lilanga naye aliajiriwa kwanza kama mlinzi wa Nyumba ya Sanaa iliyokuwa hapa jijini, kisha kazi zake zikafika Ulaya na Marekani. Nao kuna watu waliwapita bila kugeuza shingo.

Kama mtakwenda, sikilizeni ushauri wangu. Maonyesho mengi kuingia ni bure, na zaidi ya Nafasi mnaweza kuangalia Alliance Française, Upanga, au Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Siku ya ufunguzi watu huwa wengi, nendeni siku chache baadaye. Kila mmoja azunguke peke yake dakika kumi, kisha amwonyeshe mwenzake kazi moja tu na kumwambia kwa nini ameichagua. Usimkatishe, usimsahihishe, mwache amalize. Kazi ikikugusa na mfuko ukiruhusu, uliza bei bila woga, msanii huyo ana kodi ya kulipa kama wewe.

Na mkinasa kwenye foleni ya kurudi nyumbani, zimeni redio muendelee kuongea.