Magunia Yaliandikwa, Baba Hakuandikwa

Baba yangu alisafiri daraja la tatu, na kwa sababu hiyo tulikaa miaka mingi bila kujua tumwite marehemu au msafiri. Natoa ushuhuda huu hapa Ngulyati, ninakofundisha historia, mama yangu akiwa hai, na baba yangu mdogo akiwa ameniruhusu kumtaja.

Wakati wa safari zake, wilaya yetu ya Bariadi ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga. Fedha ya pamba ilikuwa haitabiriki, na baba aliona asiitegemee peke yake. Alikuwa akikusanya mchele, anaupeleka Mwanza kwa basi kupitia Lamadi na Magu, anavuka nao ziwa hadi Kemondo, kisha anarudi na maharage. Mwezi Mei 1996 aliondoka kama siku zote. Asubuhi ya tarehe 21, MV Bukoba, meli aliyotarajiwa kurudi nayo, ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza.

Meli ile ilikuwa ya kubeba abiria 430. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa kukisia: wapo wanaosema zaidi ya 800, wapo wanaofika 1,000. Kila mwaka ikisomwa redioni, wengine husikia takwimu tu. Mimi najua kwamba kwenye lile pengo la kati ya hesabu moja na nyingine yumo baba yangu.

Baba mdogo alikwenda Mwanza. Alipita kwenye miili iliyopangwa itambuliwe, akafunua shuka moja baada ya nyingine mpaka akaishiwa nguvu. Wasiotambuliwa walizikwa Igoma. Aliporudi alisimama nje ya mji wetu, hakuingia, akamwambia mama: “Shemeji, sijamwona.” Maneno hayo mawili yalitufunga. Hakusema amekufa, hakusema yu hai.

Watu wa nzengo, yaani majirani zetu, walikuja na kuni na michembe ya viazi vikavu, wakakaa, wakaondoka. Hakuna aliyejua kama wamekuja msibani. Mama hakuwa mjane na hakuwa na mume. Ng'ombe wa baba, kumi na mmoja, waliswagwa kwenda zizini kwa baba mdogo “mpaka kaka arudi”. Shamba nalo likawa la kuomba. Mama alilima vibarua kwenye mashamba ya watu aliokuwa akiwakopesha mbegu mwaka mmoja kabla, na jioni alikata viazi vya michembe kwa kisu kilichobaki nusu, anavianika juu ya mwamba, anavipeleka gulioni. Mikono yake ilipasuka kwa utomvu wa viazi. Nilikuwa nikimpaka samli usiku.

Nikiwa darasa la saba, ukaja ugeni wa posa. Ng'ombe wa mahari walitajwa, na wazee wa ukoo wakaridhika nao haraka. Mama aliitwa kikaoni asikilize. Alipiga magoti kama ilivyo desturi, akasema kwa sauti ya chini: “Wazee wangu, ninyi mmesema baba yake yu hai, ndiyo maana ng'ombe wake wanamsubiri. Basi na mahari ya mwanawe nayo imsubiri.” Hakuna aliyepata la kujibu. Utata uliokuwa ukitutesa ndio ulioniokoa siku ile, nikaendelea na shule.

Nilikuja kuwaza sawasawa juu ya majina na meli nikiwa chuo cha ualimu. Nilisoma habari za Wachina waliokuwa wakisafiri kwa meli za mvuke kwenda Marekani. Mwaka 1882 nchi ile ilitunga sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1943. Kazi ya kuwasimamia ilipewa maofisa wa forodha, watu wa kutoza ushuru wa bidhaa. Nahodha alilazimika kukabidhi orodha ya pekee ya abiria Wachina kabla hawajashuka. Kibarua aliyekuwa akiondoka akitarajia kurudi aliandikwa jina, umri, kazi, mahali anapoishi na alama za mwilini. Mmoja wao, Chae Chan Ping, alikuwa ameishi San Francisco tangu 1875. Alikwenda kwao 1887 akiwa na cheti cha kumruhusu kurudi. Akiwa baharini kwenye meli Belgic, tarehe 1 Oktoba 1888, ikapita sheria ya kufuta vyeti hivyo. Alifika baada ya siku saba akiwa na karatasi isiyo na kazi tena, na mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ikakubali kwamba azuiwe kuingia.

Baadaye, kuanzia 1910, wengi walishikiliwa kwenye kisiwa cha Angel wakihojiwa. Mtu aliulizwa nyumba yao kijijini ina madirisha mangapi, kisima kiko upande gani, pipa la mchele linakaa wapi. Ndugu zake waliulizwa yaleyale kando, na majibu yakitofautiana, anarudishwa alikotoka.

Nilihuzunika nikisoma, na huzuni hiyo ilichanganyika na wivu. Sheria ile ilikuwa ya ubaguzi na sina neno la kuitetea. Lakini wajukuu wa watu wale leo wanafungua majalada, wanakuta picha ya babu, jina la meli, siku aliyofika. Walioandikwa kwa chuki wamebaki na jina. Baba yangu hakuchukiwa na mtu yeyote. Alikuwa na tiketi ya bei ya chini tu, na hakuna aliyeona sababu ya kumwandika. Na uzembe huu haukuishia kwake. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara ikiwa imejaa kupita uwezo wake wa watu 101, mkata tiketi alizama pamoja na mashine yake. Hesabu ya waliopanda ikazama nayo, na waliokufa walipita 220.

Katika majalada yale ya Wachina nilijifunza jambo moja la kazi: meli huacha karatasi za aina nyingi. Asipoandikwa mtu, huenda mzigo wake umeandikwa. Nikamwomba mama anikumbushe baba alikuwa akifikia kwa nani Kemondo.

Nilikwenda kwa basi. Niliyemtafuta alikuwa mama mmoja mzee wa Kihaya, mfanyabiashara wa maharage, ambaye baba alizoea kumwita “Ma” kwa heshima ya kwao. Nilipojitambulisha alinishika mashavu, akaniangalia sana, akaenda chumbani. Alirudi na bati la majani ya chai. Ndani, pamoja na picha na kadi za kliniki, kulikuwa na nusu ya stakabadhi ya mzigo, imekunjwa mara nne, wino wa bluu umeanza kuwa zambarau: magunia sita ya maharage, jina kamili la baba, tarehe 20 Mei 1996. Maharage yale walikuwa wamenunua kwa ubia, ndiyo maana nakala ilibaki kwake. “Nilimsindikiza mpaka gatini,” alisema. “Nilimwona akipanda. Mbona hamkuja siku zote hizi, mwanangu?”

Magunia yaliandikwa. Nililia pale kwa Ma kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba asubuhi ile, na yeye akaniacha nilie hadi nimalize, kisha akanipikia ndizi.

Alikubali kuja kutoa ushahidi mahakamani ili kifo cha baba kitambuliwe, safari ndefu kwa umri wake. Siku ya shauri mama aliulizwa mumewe alivaa shati gani, alikuwa na kovu wapi, mara ya mwisho alituma salamu kwa nani. Nilikumbuka madirisha na pipa la mchele. Lakini mama hakutetereka: shati la drafti lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti, alichokishona mwenyewe. Ma alitaja kifungo hichohicho bila kuulizwa, na karani akainua kichwa.

Cheti cha kifo kilipotoka, mahali pa kifo paliandikwa Ziwa Victoria. Tulikisoma mbele ya ukoo. Wengi walitegemea ugomvi wa mifugo. Baba mdogo alisimama, akasema: “Watu walidhani nimekula mali ya kaka. Mimi nilikuwa naogopa arudi anikute nimegawa vitu vyake kama maiti.” Akaanza kutaja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao, na ndama wao, na waliokufa kwa ugonjwa, na aliyeuzwa nilipolazwa hospitali nikiwa form two, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuambiwa. Mama alimwambia abaki na wawili kwa ulezi wake. Waliosalia waliingia kwetu jioni ileile, na keshoye nzengo wakaja msibani, safari hii wakilia.