Kidole Gumba cha Plastiki



Wiki iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alikuja madrasa na "maajabu" mapya. Alisokomeza leso nyekundu ndani ya ngumi, akapuliza, ikatoweka. Darasa zima likapiga takbir! Nasi tulikaribia kuitikia, ila tukaona kidole gumba chake kimoja kimekuwa cheupe kama cha Mzungu. Kumbe ni cha plastiki, kina uwazi ndani, na leso imejificha humo. Waliokitengeneza hawakuwafikiria watoto wa Juba!

Tulicheka sote. Kisha binti mdogo akauliza: "Ustadhi, na yule mtu aliyechukua pesa za mama ili azizidishe, naye ana kidole kama hiki?"

Kicheko kikakatika.

Tukawasimulia kuwa mwaka 1856 Ufaransa ilimpeleka Algeria bingwa wa mazingaombwe, Robert-Houdin, ili Waislamu wa huko waone nguvu zake zinawashinda mawalii wao. Alikuwa na kisanduku ambacho mtu wa miraba minne alishindwa kukiinua. Siri yake ilikuwa sumaku ya umeme iliyofichwa chini. Na wachawi wa Firauni, kama tunavyosoma katika Surat Twaha, walikuwa na kamba na fimbo tu.

Tulimtaka kijana afichue siri yake mbele ya wenzake. Alinuna kidogo, akaifichua. Kidole hakijarudi kwake bado: binti yule amekiazima akamwonyeshe mama yake.

Wabillahi tawfiq.