Dokta Kwanza, Duka la Dawa Baadaye

Rubani huogopa daktari kuliko radi. Leseni yangu haina kazi bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, nacho hudumu miezi 12 tu. Ukivuka miaka 60, miezi sita. Ndiyo maana wengi wetu hujitibu kimyakimya. Mafua yakikushika unapita duka la dawa, unameza Piriton, unalala, alfajiri uko uwanjani umevaa sare.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu. Narusha ndege za pangaboi (ndivyo watu walivyozitania kwa sababu ya propela, mimi nazipenda kuliko jeti) kati ya Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Songea. Unaamka saa tisa usiku, mwili ukiwa mzito kuliko saa nyingine yoyote. Chakula ni chipsi mayai na soda, unakula upesi mizigo ikipakiwa. Jioni huna hamu ya kutembea hata hadi gengeni.

Kilichonigeuza ni presha. Siku ya kupimwa mashine ilisoma 168 kwa 104.

"Dokta, nimepanda ngazi sasa hivi," nikamwambia.

Akaniacha nikae, akapima tena. Haikushuka. Nikajua kitumbua kimeingia mchanga.

Lakini yeye akataka kujua kila ninachomeza. Nikataja vyote. "Kapteni," akasema, "hiyo Piriton inanitisha kuliko presha yako." Dawa za mzio za zamani kama hiyo huingia hadi kwenye ubongo, mtu anajiona yuko macho, kumbe uamuzi wake umechelewa. Akanieleza kwamba Marekani, wachunguzi walipopitia vipimo vya marubani waliokufa katika ajali kati ya 1990 na 2012, dawa ya kusinzisha iliyoonekana mara nyingi zaidi ilikuwa ndugu yake Piriton, difenhidramini. Mamlaka ya anga ya huko humtaka rubani aliyeimeza angoje saa 60 kabla ya kuruka. Na hata usipomeza kitu, mafua yenyewe hayafai: ndege ikianza kushuka, masikio na pua vikiwa vimeziba, maumivu yake yanaweza kukuondoa kwenye kazi kabisa.

Akanisimamisha wiki kadhaa, akanianzishia amlodipini. Dawa hiyo rubani huruhusiwa kuitumia, ila kwanza ithibitike kwamba presha imetulia na haimpi kizunguzungu. Hilo sikulijua. Miaka yote niliamini ukianza dawa ya presha umeaga anga.

Nyumbani mama watoto aliondoa chumvi mezani bila kuomba ruhusa ya mtu. Sasa nabeba viazi vitamu, samaki na matunda. Nikilala Mwanza, jioni napanda Capri Point kwa miguu. Simu hulala sebuleni. Soda, sitadanganya, bado inanishinda siku za joto la Dar.

Cheti nilirudishiwa. Nikiumwa, nampigia dokta kabla ya kufika dukani, na vijana ninaoruka nao nawaambia wafanye hivyo. Rubani msaidizi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Shikamoo kapteni, lakini zile wiki ulizokaa chini, posho ya kuruka ulilipwa?"

Sikulipwa. Tulikula kwa duka la mama watoto, nikamweleza hivyo hivyo. Mwajiri akikata posho ya mgonjwa, asishangae Piriton ikiendelea kupanda ndege.