Alidhani mwanawe ananusa gundi, kumbe anaunda vazi la kivita

Mambo yalianza na harufu. Mama mmoja wa Kayole, Nairobi, muuzaji nafaka na mzazi wa watoto watatu, aliisikia kwanza kwenye sweta ya shule ya kifungua mimba wake. Ilikuwa harufu kali, tamutamu, ya gundi ya viatu. Ni harufu ambayo wazazi wengi wa jiji hili wanaijua na kuiogopa, kwa sababu ndiyo watoto wa mitaani huibeba kwenye vichupa vya plastiki, wameviegesha puani, macho mazito.

Hakusema kitu. Alianza kuchunguza. Mvulana huyo wa miaka 16, aliye Kidato cha Tatu, alikuwa na mazoea ya kukaa sebuleni na wenzake baada ya shule. Sasa alikuwa anaingia chumbani na kujifungia. Alilalamika kuumwa na kichwa karibu kila jioni. Alikuwa anatembea kwa miguu kutoka shule ili abaki na nauli, na hakusema nauli hiyo inakwenda wapi. Jumamosi moja mama alipopiga deki, ufagio uligonga mkebe chini ya kitanda. Ulikuwa mkebe wa gundi, umebaki nusu.

Mama aliurudisha ulipokuwa. Alitaka kumuuliza siku hiyo hiyo, lakini aliliogopa jibu. Siku tano zilipita hivyo, kijana akificha lake na mama akificha lake, wote wawili wakila ugali mezani pamoja.

Alhamisi jioni, mtoto mdogo alimwita mama jikoni. Alisema kaka hafungui mlango na anaongea polepole. Mama alisukuma mlango kwa bega hadi komeo likang'oka. Dirisha lilikuwa limefungwa, na tambara limezibwa chini ya mlango ili harufu isitoke. Kijana alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, ametoka jasho na hajui aanzie wapi kusimama. Kando yake koili ya stima ilikuwa inawaka nyekundu, na mkebe wa gundi ulikuwa wazi, hatua mbili tu kutoka kwenye moto huo.

Mama alichomoa waya wa koili na kumburuta mwanawe hadi kwenye roshani. Majirani walileta kiti. Baada ya kama nusu saa ya hewa safi, kijana alitapika, akaanza kuongea sawasawa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, usinitupie vazi langu."

Mama hakuelewa hadi aliporudi chumbani na kutazama nyuma ya kabati. Kulikuwa na kifua cha askari, mabega mawili, vikinga mikono, na kofia kubwa isiyomalizika. Kwa mbali ungedhani ni chuma. Ukivishika, ni vyepesi kama ndala.

Kijana alikuwa anaunda vazi la Master Chief, askari wa karne ya 26 katika mchezo wa kompyuta wa Halo, ambaye huvaa deraya ya kijani na kofia yenye kioo cha dhahabu. Alitaka kulivaa kwenye tamasha la mashabiki wa michezo hiyo na vibonzo jijini. Aliona aibu kusema. Alijua angeulizwa mitihani inafikaje mbele kwa kucheza na sponji.

Asubuhi yake walikwenda zahanati. Daktari alimpima, kisha akamuuliza kijana mwenyewe, mbele ya mama, kama alikuwa ananusa gundi ili alewe. Alisema hapana, akaeleza kazi yake. Daktari alimwamini, lakini hakumwachia hapo. Gundi nyingi za aina hii huwa na kemikali kama toluini na heksani. Mvuke wake ukijaa chumbani huleta kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya kichwa, na ukizidi humtoa mtu fahamu. Mapafu hayajui kama umeuvuta kwa kukusudia au kwa bahati mbaya. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini sakafuni, na ukikutana na moto hulipuka. Kile alichofanya na koili kingeweza kuteketeza nyumba pamoja na mdogo wake.

Madhara ya muda mrefu nayo yanajulikana. Katika miaka ya 1960 nchini Japani, watu waliokuwa wakitengeneza ndala katika vyumba vyenye hewa finyu walianza kupoteza nguvu za miguu na mikono. Heksani ya kwenye gundi ilikuwa imeharibu mishipa yao ya fahamu.

Mama alitoka zahanati akiwa na njia mbili. Angeweza kulitupa vazi, na kijana angeenda kuliundia kwa rafiki, nyuma ya mlango mwingine uliofungwa. Alimpigia simu kaka yake, fundi wa viatu.

Mjomba alikuja Jumapili. Alikigeuza kile kifua mikononi kwa muda mrefu. "Dada, kazi ya huyu ni safi," alisema. "Lakini mimi hubandika viatu chini ya mti. Yeye amejifungia kama panya kwenye chupa."

Tangu siku hiyo kazi ilihamia kwenye roshani, mlango wazi, bila jiko wala kiberiti karibu. Mdogo wake alikatazwa kusogea wakati wa gundi. Barakoa za kitambaa, waliambiwa, huzuia vumbi la kusugua sponji lakini hazizuii mvuke, hivyo upepo ndio uliotegemewa. Gundi ikawa ni ya dakika chache, kisha mkebe unafunikwa.

Mama naye akaanza kuona kazi yenyewe. Malighafi ni mikeka ya sponji ngumu ya watoto, ile yenye meno ya kuunganishwa sakafuni. Kijana alijifunga karatasi ya nailoni na utepe mwilini, akachora mistari ya vipande, kisha akaikata na kuitandaza iwe ruwaza, kama fundi cherehani. Wembe unapaswa kunolewa kila mara, kwa maana sponji huufanya butu upesi na mkato huchanika. Mjomba aliazima mashine ya kupuliza hewa moto kwa fundi mwenzake ichukue nafasi ya koili. Sponji ikipashwa hukubali kupindwa, na ikipoa hubaki na umbo hilo. Gundi hupakwa pande zote mbili, husubiriwa hadi isishike kidole, ndipo vipande vinakutanishwa. Ukibandika umebandika, hakuna kurekebisha.

Baada ya hapo vazi lilipakwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tabaka kadhaa, ili rangi isinywewe na sponji. Kioo cha kofia kilitokana na helmeti kuukuu ya bodaboda. Mama ndiye aliyeshona lastiki za mabega, kwa sababu za kijana zilikuwa zinakatika.

Siku ya tamasha ilidhihirika kwa nini wanaovaa mavazi haya hutembea na msindikizaji. Ndani ya sponji kuna joto kama la bafu la mvuke, na kupitia kioo mtu haoni miguu yake mwenyewe. Mama alimshika kiwiko kwenye ngazi. Kila nusu saa alimvua kofia na kumpa maji, na kijana mrefu wa kijani akanywa mbele ya watu bila kubisha.

Mzazi anayesikia harufu ya gundi ana haki ya kuogopa. Vipele kuzunguka mdomo, ulimi mzito, kuyumba na kushuka ghafla kwa masomo ni dalili za kumpeleka mtoto kwa daktari haraka. Lakini swali laweza kutangulia upekuzi. Mama huyu hasemi alikosea kuogopa, kwa kuwa hatari ilikuwepo kweli. Anachojutia ni zile siku tano, aliporudisha mkebe chini ya kitanda na kunyamaza.

Komeo la mlango ule halijatengenezwa hadi leo. Kijana mwenyewe alisema liachwe hivyo.